Kalamu na Kikapu: Mwandishi Anayejichapishia Baina ya Utunzi na Uuzaji

Makala haya yanajadili suala ambalo wanafunzi wengi wa utunzi hulikwepa mpaka siku mswada unapokamilika: ni nani atakayekibeba kitabu hadi mikononi mwa msomaji, na ubebaji huo utamgharimu mtunzi nini? Suala lenyewe ni zito zaidi kwa mtu anayeishi Bahati, kaskazini mwa jiji la Nakuru, akitunga riwaya kwa Kiswahili na kuipiga chapa kwa fedha zake mwenyewe.

Ikumbukwe kwamba soko la fasihi ya Kiswahili nchini Kenya limeegemea shule kwa muda mrefu. Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilisomwa kote nchini kwa sababu ya ubora wake, lakini pia kwa sababu iliteuliwa kutahiniwa katika shule za upili. Mwandishi asiye na kampuni nyuma yake huupata mlango huo kwa nadra sana. Aidha, mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada kwa pamoja na kuvifikisha moja kwa moja katika shule za umma. Biashara iliyokuwa ikiyaweka hai maduka mengi ya vitabu mijini ikapungua, na duka linalotetea uhai wake halina ari ya kuweka rafuni riwaya ya mtu asiyejulikana. Kwa hiyo mtunzi wa Bahati hushika kikapu mwenyewe.

Hebu hesabu ifanywe kwa mfano wa kubuni. Tuchukulie kwamba mtunzi amechapisha nakala 500 kwa shilingi 250 kila moja, yaani shilingi 125,000 kwa jumla, na bei ya kitabu ni shilingi 450. Duka la mjini likichukua asilimia 30, mtunzi hubakiwa na shilingi 315, na itambidi auze nakala 397 kabla ya kurudisha mtaji. Akiuza kwa mkono wake, nakala 278 zinatosha. Tofauti ni nakala 119, na hapo ndipo kishawishi kinapoanzia. Mtunzi hujiona amelikwepa duka na kujiongezea pato. Hata hivyo, nakala inayouzwa kwa mkono ina kazi yake: kujibu ujumbe wa simu, kungoja malipo ya M-Pesa, kufunga kifurushi, kukipeleka kituo cha matatu cha Maili Sita, kisha kumpigia mnunuzi kuhakikisha kwamba kimefika. Kazi hiyo ikichukua nusu saa kwa kila nakala, nakala 278 zitakula saa 139. Kwa mtunzi anayeandika ukurasa mmoja kwa saa, hizo ni kurasa 139: novela nzima ambayo haitaandikwa.

Kwa mtazamo huu, shilingi 135 za duka si hasara tupu. Ni bei ya saa za kuandika. (Ni kweli pia kwamba duka halimshawishi mteja, kitabu kisichotajwa na mtu yeyote kitakaa rafuni hadi jalada lake lififie.)

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mmoja unaostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko inavyofanywa katika kozi zetu, ijapokuwa mhusika aliandika zaidi kwa Kiingereza. Mwaka 1972, jijini Nairobi, David G. Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books. Mwaka uliofuata zilitoka Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na mwaka 1974 ikatoka After 4:30. Vilikuwa vitabu vyepesi kusomeka, vilivyowalenga makarani, makatibu na wafanyakazi wa mjini, watu ambao wachapishaji wakubwa hawakuwa wakiwashughulikia. Viliuzika sana. Wahakiki walimlaumu kwa wingi wa ulevi na ngono, na lawama hiyo ina msingi. Lakini ni haki kusema kwamba Maillu aliwapata wasomaji nje ya darasa, jambo ambalo wengi wa waliomlaumu hawakuliweza.

Linalohusu mjadala huu ni lililofuata. Kampuni inayoendeshwa na mtunzi huishi kwa vitabu vya mtunzi huyo. Kitabu cha jana kikiuzika, gharama za leo huagiza kingine kinachofanana nacho, na kwa haraka. Ndivyo soko linavyotoka dukani na kuingia mezani pa kuandikia. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Comb Books, na kampuni haikuuvuka muongo huo ikiwa hai. Mwaka 1980 riwaya yake For Mbatha and Rabeka ilitolewa na Macmillan, kampuni iliyokuwa na wauzaji wake. Baadaye Maillu alirudi kujichapishia na kujaribu mambo mapya, likiwamo la kuchanganya Kiingereza na Kiswahili katika Without Kiinua Mgongo (1989).

Nchini Tanzania, ambako riwaya pendwa ya Kiswahili ilikuwa na wasomaji wake bila kungoja mtihani, njia nyingine ilipatikana. Ben R. Mtobwa aliunganisha utunzi na uchapishaji kupitia Heko Publishers. Eric Shigongo alienda mbali zaidi: magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, kama vile Uwazi na Ijumaa, yalichapisha hadithi zake kwa mfululizo. Hapa kuuza na kutunga havikugombania saa, kwani sura iliyoandikwa ndiyo iliyokuwa tangazo la sura ijayo. Gharama yake ilihamia katika umbo. Hadithi ya mfululizo hudai taharuki mwishoni mwa kila toleo, hata pale ambapo mhusika alihitaji kutulia na kufikiri. Mwanafunzi wa fani angefanya vyema kuyatafuta maungio hayo anapoisoma hadithi ya aina hiyo ikiwa kitabu.

Mtunzi wa Bahati hana gazeti. Anachoweza kukidhibiti ni kalenda. Kugawa kila siku mafungu mawili, asubuhi kuandika na jioni kuuza, ni ushauri unaotolewa kwa wepesi. Simu ya mnunuzi haingoji jioni. Wakulima wanaomzunguka Kabatini na Dundori hawapandi na kuuza mahindi katika wiki moja, na mpango wa misimu unamfaa zaidi naye. Januari, kwa mfano, ni mwezi mbaya wa kuuza riwaya kwa mzazi aliyetoka kulipa karo, hivyo ni mwezi mzuri wa kufunga mlango na kuandika. Desemba watu hurejea nyumbani kutoka miji mingine wakiwa na chochote mfukoni. Hapo kikapu kitoke. Katika miezi ya kuandika, nakala zibaki kwa mtu mwingine, awe mwenye duka la vifaa vya shule au kijana wa kituo cha matatu, naye alipwe fungu lake kwa kila nakala, limeandikwa na kukubaliwa kabla ya nakala ya kwanza kutoka.