Chakula na Utumbo Sumbufu: Kipi Kiondolewe, Kipi Kirudishwe

Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 34 anafika zahanati akiwa na bahasha iliyojaa majibu ya maabara. Kwa miaka mitatu tumbo lake limekuwa likijaa gesi na kunyonga baada ya mlo wa mchana. Akienda haja hupata nafuu, kisha maumivu hurejea. Ametibiwa amiba mara tano na taifodi mara tatu. Kila mara alipata ahueni ya siku chache, akaamini dawa imefanya kazi. Mgonjwa huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, lakini mhudumu wa afya aliyekaa hata mwaka mmoja katika chumba cha kuonea wagonjwa atamtambua.

Hali aliyonayo yaweza kuwa sindromu ya utumbo sumbufu, ambayo wataalamu huiandika kwa herufi IBS. Kwa mujibu wa vigezo vya Roma vya mwaka 2016, mgonjwa awe na maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na dalili ziwe zimeanza angalau miezi sita kabla. Maumivu hayo yahusiane na mambo mawili au zaidi kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa umbo la kinyesi. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, ndiyo maana dawa yoyote inayotolewa siku za makali huonekana kuponya.

Kabla ya kuzungumzia sahani, tuondoe hatari. Damu katika kinyesi, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakomwamsha mgonjwa usiku, dalili zilizoanza baada ya umri wa miaka 50, au saratani ya utumbo katika familia: lolote kati ya hayo lataka uchunguzi wa hospitali, wala si ushauri wa lishe. Katika mazingira yetu tukumbuke pia giardia, minyoo, kichocho cha tumbo kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, kifua kikuu cha tumbo na maambukizi ya VVU. Amiba ipo na huua, lakini itibiwe inapoonekana. Nalo jibu chanya la kipimo cha Widal laweza kutokana na maambukizi yaliyokwisha pita, kwa hiyo pekee halitoshi kuthibitisha taifodi. Ajabu ya mambo, maambukizi ya kweli yaweza kuuacha utumbo ukiwa sumbufu hata baada ya mdudu kuondoka. Hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 10 waliougua kuhara kwa maambukizi.

Chakula huingiaje hapa? Baadhi ya sukari na wanga wenye minyororo mifupi hazifyonzwi vizuri katika utumbo mwembamba. Huvuta maji, kisha zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Jambo hili hutokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba kwa mwenye utumbo sumbufu neva za utumbo ni nyepesi kuhisi, na kunyooshwa kidogo tu kwa ukuta wa utumbo huwa maumivu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, Peter Gibson na Sue Shepherd, walizikusanya sukari hizo chini ya jina moja, fodimapu. Mlo unaozipunguza umejaribiwa tangu hapo katika nchi nyingi, na takriban nusu ya wagonjwa au zaidi hupata nafuu.

Hata hivyo, tusianzie huko. Wagonjwa wengi hufaidika kwanza na mambo mepesi: kula kwa nyakati zinazoeleweka badala ya kushinda na njaa kisha kujaza sahani jioni, kutafuna taratibu, kupunguza mafuta mengi, pilipili, pombe na soda, chai na kahawa zisizidi vikombe vitatu kwa siku. Pumba za ngano, ambazo wengi hushauriwa wakifunga choo, mara nyingi huzidisha gesi.

Ikiwa wiki chache za utaratibu huo hazikusaidia, ndipo fodimapu zichunguzwe. Jikoni kwetu mkosaji mkubwa huenda asionekane hata kwenye sahani: kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo vina fruktani. Fruktani huyeyuka katika maji, wala haiyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo kumwagiza mgonjwa achambue vitunguu kutoka kwenye mchuzi si ushauri. Sukari imekwisha ingia katika supu. Vikaangwe katika mafuta matupu, vitolewe vyote, kisha nyanya na maji vifuate. Majani mabichi ya kitunguu yanaruhusiwa, na tangawizi pia. Fruktani imo vilevile katika ngano, yaani chapati, maandazi na mkate. Wali, ugali wa mahindi, uji wa ulezi, viazi mviringo na ndizi za kupika ni salama zaidi. Embe na tikiti maji vipishe chungwa, papai na nanasi. Korosho ziipishe karanga.

Maziwa yanahitaji busara. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawana laktezi ya kutosha ya kusaga sukari ya maziwa, ingawa katika jamii za wafugaji wengi huendelea kuwa nayo. Mtindi mara nyingi huvumilika, kwa kuwa bakteria wamekwisha tumia sehemu ya sukari hiyo.

Maharage ndiyo mtihani. Yana fodimapu nyingi, lakini kwa familia nyingi ndiyo nyama ya kila siku. Mhudumu anayesema “acha maharage” bila kuuliza dagaa au mayai vitapatikana kwa pesa gani, ametoa amri isiyotekelezeka. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe hadi yaive kabisa katika maji mapya, na kipimo kianzie vijiko viwili.

Upunguzaji huo hudumu wiki nne hadi sita, si maisha. Baadaye vyakula hurudishwa kimojakimoja: kidogo siku ya kwanza, zaidi siku ya pili, kipimo cha kawaida siku ya tatu, huku dalili zikiandikwa daftarini; kisha hupumzishwa siku mbili au tatu kabla ya kujaribu kingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuiruka kuna gharama, kwani mlo finyu wa muda mrefu hupunguza bakteria wenye faida, kalsiamu na hata uzito. Wajawazito, watoto na waliokonda wasiuanze bila msimamizi.

Daftari la mwalimu wetu lilionyesha nini? Maharage yaliyolowekwa, kikombe kimoja, hayakumsumbua. Chapati moja haikumsumbua, tatu zilimsumbua. Kitunguu kilimrudishia maumivu jioni ya siku ya pili, naye akaandika pembeni kwamba mchuzi wa kantini ya shule, anaoula siku tano kwa wiki, huanza na vitunguu vinne.