HISA 10 ZIKIFANYWA 1, JE, MALI YAKO IMEPUNGUA?



Waulize wafanyabiashara wa Tunduma, watakusimulia habari za mwaka 2013. Tarehe 1 Januari mwaka huo Zambia ilibadili fedha zake. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Mtu aliyekuwa na kwacha 50,000 akabaki na kwacha 50. Je, alifilisika? Hapana. Kitu kilichouzwa kwacha 5,000 nacho kikauzwa kwacha 5.

Makampuni nayo yanaweza kufanya hivyo kwa hisa zake. Jambo hilo linaitwa kuunganisha hisa. Siku hizi hisa si mambo ya watu wa mjini tu. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa kwa wananchi kwa shilingi 150 kila moja. Basi hebu tujifunze.

Hisa ni nini?

Hisa ni fungu la kampuni. Ukinunua hisa, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida, inaweza kukupa gawio. Ikipata hasara, bei ya hisa yako inaweza kushuka.

Hesabu yake

Tuseme mama mmoja ana hisa 1,000. Bei ya kila hisa ni shilingi 50.
1,000 × 50 = shilingi 50,000.

Kampuni inaunganisha hisa, 10 zinakuwa 1. Sasa mama ana hisa 100. Bei ya hisa 1 inakuwa shilingi 500.
100 × 500 = shilingi 50,000.

Mali ni ile ile. Ni kama kwenda dukani na noti 10 za shilingi 1,000, ukabadilishiwa noti 1 ya shilingi 10,000. Na kwa kuwa kila mwenye hisa amefanyiwa hivyo hivyo, fungu la mama katika kampuni halikupungua.

Asiyejua akiona hisa zimebaki 100, atalia kwamba ameibiwa. Mwingine akiona bei imepanda toka 50 hadi 500, atashangilia kwamba ametajirika. Wote wawili wamekosea.

Kwa nini kampuni inaunganisha hisa?

Mara nyingi ni kwa sababu bei imeshuka mno. Soko la hisa la New York, kwa mfano, halitaki hisa ikae muda mrefu chini ya dola 1. Kampuni ya namna hiyo inaweza kuondolewa sokoni. Tena bei ndogo mno haileti sifa nzuri. Mwaka 2011 Citigroup, benki kubwa ya Marekani, iliunganisha hisa zake, 10 zikawa 1. Bei iliyokuwa kama dola 4 na nusu ikawa kama dola 45. Lakini benki ilikuwa ile ile.

Kuunganisha hisa peke yake hakulipi deni hata senti moja. Kampuni yenye matatizo inabaki na matatizo yake, na bei inaweza kushuka tena.

Jihadhari na mambo mawili

Kwanza, baki. Tuseme mama ana hisa 1,005. Ukigawa kwa 10 unapata 100 na nusu. Hiyo nusu je? Soma tangazo la kampuni. Huenda italipwa fedha, au itaongezwa iwe hisa nzima. Mwenye hisa 6 tu anaweza kulipwa fedha na kutoka kabisa katika kampuni.

Pili, na hili ndilo kubwa, hisa mpya. Kuna wakati kampuni inaunganisha hisa za zamani, halafu inawapa watu wengine hisa mpya. Hapo fungu lako linapungua kweli.

Mwaka 2017 Shirika la Ndege la Kenya lilikuwa limeelemewa na madeni. Hisa za zamani ziliunganishwa, na madeni ya serikali na ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa mpya. Serikali ya Kenya ikawa na asilimia 48.9, na mabenki asilimia 38.1. Wenye hisa wengi wadogo walikuwa katika kundi ambalo zamani lilikuwa na zaidi ya asilimia 40 ya shirika. Kundi hilo likabaki na chini ya asilimia 3. Shirika lilipata nafuu ya madeni, lakini fungu la wenye hisa wa zamani liliyeyuka. Aliyeangalia bei tu hakuliona jambo hilo.

Ufanye nini?

Usiuze kwa hofu, wala usinunue kwa tamaa. Muulize dalali wako wa hisa au viongozi wa kampuni:
- Hisa ngapi zinakuwa 1?
- Baki itafanywaje?
- Je, zitatolewa hisa mpya? Ngapi, na kwa nani?
- Fungu langu litakuwa asilimia ngapi?

Mambo haya hupigiwa kura katika mkutano wa wenye hisa. Usipoweza kwenda, unaweza kumtuma mwakilishi kwa maandishi. Lakini usitie sahihi fomu ambayo hukuisoma. Zamani tuliweka dole gumba tu. Leo tunajua kusoma, basi tusome kwanza.

Zoezi la kikundi

1. Mzee mmoja ana hisa 2,400 za shilingi 30 kila moja. Hisa 8 zinafanywa 1. Atakuwa na hisa ngapi, na kila moja kwa bei gani?
2. Kampuni ina hisa 10,000. Wewe una 1,000. Inatoa hisa mpya 10,000 kwa benki. Fungu lako lilikuwa asilimia ngapi, na sasa ni ngapi?

Majibu: (1) Hisa 300, shilingi 240. (2) Lilikuwa asilimia 10, sasa ni asilimia 5.