Koma katika Maandishi: Dini ya Jadi ya Wadigo na Tatizo la Ushahidi

1.0 Utangulizi
Makala haya yanajadili swali moja: je, maandishi yaweza kutuhifadhia dini ambayo wenyewe hawakuiandika? Mfano wetu ni Wadigo wa Mtongwe, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Wengi wao ni Waislamu, lakini lugha yao ingali na neno koma, yaani roho za wahenga.

2.0 Nani aliyeandika?
Dini ya jadi ya Wamijikenda haikuwa na msahafu. Ilikaa katika makaya, viapo na vinywa vya wazee. Miongoni mwa waliotangulia kuiandika ni Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha misheni Rabai mwaka 1846. Krapf alikuja kuwageuza watu imani, na masimulizi yake ya safari, yaliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1860, yameandikwa kwa jicho hilo. Hata hivyo, kamusi yake ya Kiswahili ya mwaka 1882 inaeleza koma kuwa mfu anayeaminiwa kuwa yungali kaburini. Mhubiri aweza kumkatiza msemaji. Mwanakamusi hana budi kumsikiliza.

Kwa kulinganisha, Snorri Sturluson wa Iceland aliandika visa vya miungu ya kale katika karne ya 13, ilhali nchi yake ilikwisha kupokea Ukristo yapata mwaka 1000. Snorri alichelewa, lakini aliandika urithi wa mababu zake. Krapf aliikuta dini ikiwa hai, lakini alikuwa mgeni. Kwa hiyo, ukaribu wa wakati pekee si kipimo cha ukweli.

3.0 Ushahidi wa maneno
Wadigo huita baadhi ya matambiko sadaka, neno lenye asili ya Kiarabu. Kinyume chake, Mwislamu wa Kidigo humtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la Kibantu, Mlungu. Neno geni limebeba jambo la kale, na neno la kale limebeba imani mpya. Anayesoma maandishi bila kuijua lugha atakosea pande zote mbili.

4.0 Hitimisho
Mwaka 2008 UNESCO iliiorodhesha misitu ya kaya za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia. Miti imepata mlinzi. Maneno yanayotamkwa chini yake bado yanategemea kumbukumbu za wazee. Mwanafunzi wa Kiswahili na azisome kamusi kongwe kwa makini anayozisomea tenzi, kisha avuke Likoni, abishe hodi na kuuliza.