YALIYOFICHIKANA NYUMA YA HUDAIBIYA

Mara nyingi twawasikia Waislamu wenzetu wakisema: "Nimeomba, na huu ni mwaka wa tatu, sijaona kitu." Huyu ni kijana aliyemaliza masomo na kazi hajapata; yule ni mwanamke aliyeolewa zamani na mtoto hajaruzukiwa. Na uchungu wa kungoja si dhambi. Lililo khatari ni lile linalofuata: leo mtu huomba msikitini, kesho humwendea mpiga ramli amtazamie "aliyemfunga", na keshokutwa huweka nadhiri penye kaburi, kana kwamba Mola wake ameghafilika naye. Hali Mtume (S.A.W.) ametufunza, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa dua ya mja hupokewa maadamu hakufanya haraka, na haraka yenyewe ni huko kusema kuwa ameomba wala hakujibiwa.

Basi na tukitazame kisa cha watu waliokuwa bora kuliko sisi, nao wakaona uzito wa kungoja.

Katika Mfunguo Pili wa mwaka wa 6 wa Hijra (628), Mtume alitoka Madina na Sahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Alikuwa ameota kwamba wataingia Msikiti Mtakatifu, na ndoto ya Mtume ni haki. Walivaa ihramu, wakaongoza wanyama wa kuchinja, na panga zao zimo alani. Walipofika Hudaibiya, Maquraishi wakawazuia. Akaja Suhail bin Amri kufanya mapatano, na masharti yake yalikuwa machungu: warudi mwaka huu, waje mwakani kwa siku tatu tu, na mtu wa Makka atakayekimbilia kwa Waislamu bila ya idhini ya walii wake arudishwe, lakini Muislamu atakayekimbilia Makka asirudishwe.

Hata kabla ya mapatano kukamilika, akatokea Abu Jandali, mwana wa huyo huyo Suhail, anajikokota na minyororo yake kwa kuwa amesilimu. Akarudishwa kwa babake, huku akiwalilia Waislamu. Msomaji na ajitie mahala pao! Sayyidna Umar alimwendea Mtume akamwuliza: Je, sisi hatuko katika haki? Kisha akamwendea Sayyidna Abubakar kwa maneno yayo hayo. Na Mtume alipowaamuru Sahaba wachinje na wanyoe, hakuinuka mtu, mara tatu. Aliyeifungua fundo hiyo ni mwanamke, Bibi Ummu Salama, aliyemshauri Mtume atoke asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo wakainuka wote.

Sasa ni lipi lililokuwa likitendeka wasiloliona? Walipokuwa njiani kurudi iliteremka Sura ya Fat-h, na Mwenyezi Mungu akaliita jambo lile ushindi ulio wazi. Lakini aya ya 25 ndiyo yapasa tukae nayo. Humo twaelezwa kuwa ndani ya Makka walikuwamo waumini, wanaume kwa wanawake, ambao Waislamu hawakuwajua. Lau vita vingelipigwa siku ile, wangeliwakanyaga ndugu zao pasi na kujua. Fikiri, ndugu yangu: wale 1,400 walijiona wamenyimwa haki yao, na kumbe kuzuiwa kwao ndiko kulikohifadhi roho za watu waliokuwa wakisali kwa siri majumbani. Wala hakuna mpiga ramli ambaye angeliweza kuwapa khabari hiyo.

Hata lile sharti lililowauma zaidi lilivunjwa na waliolitaka. Abu Basiri, Muislamu mwengine aliyerudishwa, aliponyoka akakaa pwani kwenye njia ya misafara. Abu Jandali na wenziwe wakamfuata, mpaka Maquraishi wenyewe wakamwomba Mtume awachukue kwake.

Amma wale wanaouita uvivu wao "tawakali" wasitafute hoja hapa. Katika muda ule wa kungoja Mtume aliwapelekea wafalme barua, akaenda Khaibar, na mwaka wa 7 akaifanya Umra aliyozuiliwa. Watu waliweza kusikilizana bila ya panga, na katika waliosilimu walikuwamo Khalid bin Walid na Amri bin Aas. Ramadhani ya mwaka wa 8 (630) Mtume aliingia Makka na watu 10,000, na Suhail naye akasilimu.

Na Sayyidna Umar? Alisimulia mwenyewe kuwa hakuacha kutoa sadaka, kufunga, kusali na kuacha huru watumwa, kwa kuyaogopa maneno aliyoyasema siku ile.