Kutoka Utumwa wa Vita hadi Kiti cha Enzi: Habte Giyorgis na Suala la Shujaa wa Mighani

Makala haya yanajadili motifu ya mnyonge anayepanda hadi kileleni mwa dola, na kuuliza ni nani hasa humwita mtu huyo shujaa. Mfano mashuhuri unatoka Rumi ya Mashariki. Justin wa Kwanza, mtoto wa wakulima, alikwenda Konstantinopoli kutafuta riziki, akajiunga na walinzi wa kasri, akapanda hadi kuwaongoza na hatimaye kutawazwa kaisari mwaka 518. Mwanahistoria Procopius alimkebehi kwamba hakujua kusoma wala kuandika. (Kebehi hiyo inatueleza mengi kuhusu Procopius pia.)

Afrika Mashariki na jirani zake ina mfano unaokaribiana nao. Habte Giyorgis alitekwa vitani akiwa kijana na majeshi ya Menelik. Alilelewa katika utumishi wa watekaji wake, akajipatia sifa kwa busara na ushupavu. Baada ya vita vya Adwa vya mwaka 1896 alipewa cheo cha Fitawrari, yaani kamanda wa vikosi vya mbele, na mwaka 1907 akawa Waziri wa Vita. Hakuvaa taji, lakini aliamua nani alivae: mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa waliomwondoa Lij Iyasu, na katika vita vya Segale akaongoza jeshi lililomshinda Mikael, baba wa Iyasu. Alifariki mwaka 1926.

Mpaka hapo mighani imekamilika: unyonge, majaribu, ushindi. Hata hivyo, isikilizwe kutoka Sericho, kando ya Ewaso Nyiro. Mwaka 1897 ni Habte Giyorgis aliyeiteka nchi ya Waborana, kisha akawa mtawala wake. Chini ya mfumo wa gabar, familia ziligawiwa askari na kulazimika kuwalisha na kuwafanyia kazi. Baadhi ya Waborana walihamia kusini. Waliofika Wajir nao walihamishiwa upande wa Isiolo na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wajukuu wa wahamiaji hao ndio hadhira ya simulizi hii huko Sericho, na kwao kila ngazi aliyopanda mateka yule ilikanyaga mgongo wa mtu.

Isitoshe, hadhira hiyo ina kipimo chake cha uongozi. Katika gadaa, Abbaa Gadaa hushika madaraka kwa miaka 8, kisha humkabidhi mwingine. Kwa mizani hiyo, swali si mtu alipanda kutoka wapi, bali anashuka lini. Uhakiki wetu wa mighani, uliozoea kufuata safari ya Fumo Liyongo au mashujaa wa aina yake, mara nyingi humpima shujaa kwa mwendo wake tu na kuwasahau waliokuwa njiani. Mtafiti anayekusanya simulizi za Waso anapaswa kuanza na hao, kisha ndipo amgeukie Fitawrari.