Mgambo na Mwanamgambo: Tusiyachanganye

Hapa shuleni hakuna asiyejua methali "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Lakini hebu uliza mgambo ni nini! Kwetu Kitui, na kwa jirani zetu wa Makueni, wapo wanaosikia "mbiu" wakakumbuka "mbui", yaani mbuzi kwa Kikamba. La hasha! Mbiu ni pembe, hasa ya nyati, iliyopulizwa kuwakusanya watu. Mgambo ni tangazo kwa umma. Kumbe neno hili halikuanza na bunduki.

Nchini Tanzania lilihamia kwa wale wanaoitikia wito. Jeshi la mgambo ni raia waliofunzwa kulinda vijiji na nchi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 uliutilia mkazo ulinzi huo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka wa 1978, mgambo walipigana bega kwa bega na Jeshi la Wananchi hadi 1979. Mgambo wa huko, basi, ni mtu wa serikali.

Sisi Wakenya tumelisikia redioni likiwa na sura nyingine: wanamgambo wa Interahamwe walioua watu Rwanda mwaka wa 1994, wanamgambo wa SLDF kule Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na wale wa Al-Shabaab. Hapa mwanamgambo ni mfuasi wa kundi lenye silaha lisilo sehemu ya majeshi rasmi ya serikali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 239, hairuhusu mtu kujiundia kikosi cha aina hiyo nje ya sheria.

Kisarufi si vigumu: mwanamgambo, wanamgambo, kama mwanajeshi, wanajeshi. Ugumu uko kwenye matumizi. Mashariki mwa Kitui, mpakani na Tana River, wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombania maji na malisho, na watu wamekufa. Polisi wa akiba aliyepewa bunduki na serikali si mwanamgambo. Mwizi wa mifugo ni mwizi, na akiwa na bunduki ni jambazi. Mchungaji mwenye fimbo na kibuyu cha maziwa ni mchungaji tu. Tukimwita mwanamgambo, tumeshamhukumu, na atakayepigwa kesho hana hatia. Vilevile, kundi la kwetu likichoma manyatta za watu, tusilipake asali kwa kuliita "vijana wa ulinzi".

Kwa hivyo, kabla hujaandika neno hili katika insha, au kulitamka sokoni, jiulize: Ana silaha? Nani kampa? Yuko chini ya sheria gani? Ukikosa majibu, sema "watu wenye silaha" ama "wachungaji", kulingana na ulichokiona. Ulimi hauna mfupa, jamani, lakini huvunja mifupa.

Kiswahili kitukuzwe!