ANOREKSI: NENO LA MGANGA, MAANA NA MATUMIZI YAKE

Ndugu mfanyakazi, ukisoma fishi ya mgonjwa kutoka kituo cha afya, pengine utakuta mganga ameandika neno «anorexie». Sisi tunasema anoreksi. Wengi wanadhani ni jina la ugonjwa, kisha wanatafuta dawa yake sokoni. Hapo ndipo hatari inapoanza. Basi tujifunze neno hilo.

1. Maana yake

Neno limetoka katika Kigiriki: «an» ni bila, «orexis» ni hamu. Anoreksi ni kukosa hamu ya chakula. Usichanganye na njaa. Mwenye njaa anataka kula, lakini sufuria ni tupu. Mwenye anoreksi amewekewa bugali na ndagala mbele yake, lakini mwili unakataa. Tena, mtu asiyeweza kumeza kwa sababu ya maumivu ya koo hana anoreksi ikiwa hamu anayo.

Katika vitabu utakuta pia anoreksi ya akili. Huo ni ugonjwa wa peke yake: mtu anajinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, hata kama njaa anaisikia. Waganga Lasègue wa Paris na Gull wa London waliueleza mwaka 1873. Mganga akiandika «anorexie» tu, kwa kawaida hasemi huo.

2. Ni dalili

Dalili ya mvua ni mawingu. Anoreksi ni wingu; mvua ni ugonjwa ulio nyuma yake. Hapa Lubarika, katika uwanda wa Ruzizi wenye mbu, fikiri kwanza malaria. Yaweza pia kuwa minyoo, ugonjwa wa ini au kifua kikuu.

Wewe wa mgodini una sababu zaidi. Vumbi la mawe lenye silika linafungulia kifua kikuu mlango. Zebaki ya kukamatia dhahabu, na risasi iliyo katika mawe mengine, ni sumu zinazoweza kuondoa hamu ya chakula. Kwa hiyo mwambie mganga kazi unayofanya, hata kama hakuuliza.

3. Kwa mtoto

Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupimwa hamu. Mama hupewa pakiti ya chakula cha karanga na maziwa kilicho tayari, akae mahali patulivu, ampe mtoto bila kumlazimisha. Akila vizuri na hana ugonjwa mwingine mzito, atatibiwa nyumbani na kurudi kituoni kila juma. Akikataa, lazima alazwe, hata kama mkono wake una kipimo kilekile na cha mwenzake aliyekula. Kukataa kula kunaonyesha kwamba mwili wake umelemewa. Ukiambiwa mtoto alazwe, usibishane.

4. Dawa za kuleta hamu

Watu wanauziana vidonge vya siproheptadini na deksametasoni ili wale sana na kunenepa. Siproheptadini inaleta usingizi. Mtu mwenye usingizi akishika mashine ya kutoboa mawe, au akiongoza gari la mawe, anajihatarisha yeye na wenzake. Deksametasoni inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa: kifua kikuu kilicholala chaweza kuamka. Yaweza pia kupandisha sukari na presha. Na ubaya mkubwa ni huu: hamu inarudi, lakini ugonjwa unaendelea ndani.

5. Ufanye nini?

Hamu ikipotea kwa siku mbili au tatu, nenda kituo cha afya. Ikiwa kuna homa, macho ya manjano, kutapika au damu katika makohozi, nenda siku ileile. Mtoto mdogo akikataa kula au kunyonya, usingoje kesho. Eleza tangu lini, umepungua kiasi gani, na dawa gani umekwisha kumeza.

Wakati wa matibabu kula kidogo kidogo, mara nyingi: uji, samaki, sombe. Kunywa maji safi.

KUMBUKA: Usinunue hamu sokoni. Tafuta kwanza kilichoiondoa.